Saulieu: Mji wa Mpishi Aliyeogopa Kushuka

Ukitoka Paris na kuelekea kusini kwa barabara ya zamani ya kwenda Lyon, baada ya kilomita kama 250 utaufikia mji mdogo uitwao Saulieu. Uko katika eneo la Burgundy, ukingoni mwa vilima vyenye misitu vinavyoitwa Morvan. Wakazi wake hawafiki 3,000. Kwa ukubwa unaweza kuufananisha na makao makuu ya tarafa kwetu: barabara kuu moja, kanisa la zamani, ofisi ya mji, maduka ya nyama na mikate, na nyumba za mawe zilizobanana. Nje ya mji, malisho ni ya kijani na ng'ombe weupe wa Charolais wamelala wakicheua bila haraka.

Hata hivyo, mji huu mdogo unajulikana dunia nzima, na sababu yake ni jiko moja.

Sisi tulipita hapo tukiwa kikundi cha akina mama wa kanisa, tukielekea Taizé, kijiji kilichoko kusini zaidi, ambako ndugu wa madhehebu mbalimbali huishi na kusali pamoja. Dereva alisimamisha gari Saulieu ili tunyooshe miguu. Tulikula mkate na jibini kwenye benchi, kisha tukaenda kuitazama hoteli ambayo jina lake limeandikwa katika magazeti ya nchi nyingi. Hatukuingia kula. Bei ya mlo wa mtu mmoja mle ndani ingemlipia mtoto karo ya muhula mzima katika shule nyingi za kwetu. Lakini hadithi ya nyumba ile haihitaji kulipiwa, nami naona inatuhusu sisi akina mama wenye waume na watoto kuliko inavyowahusu matajiri wanaokula pale.

Barabara iliyoleta wageni

Zamani, kabla ya barabara mpya za kasi, watu wa Paris waliokwenda kupumzika pwani ya kusini walipita hapa kwa magari. Safari ilikuwa ndefu, na Saulieu palikuwa mahali pazuri pa kula na kulala. Katika miaka ya 1930 mpishi Alexandre Dumaine na mkewe Jeanne waliichukua hoteli iitwayo La Côte d'Or wakaifanya kuwa miongoni mwa meza zilizosifiwa sana Ufaransa. Wafalme na wacheza sinema walisimama hapo.

Baadaye Dumaine akastaafu. Barabara ya kasi ikajengwa mbali na mji, magari yakapungua, na hoteli ikapoteza sifa yake. Sisi tunaotoka katika miji iliyokuwa na stesheni ya reli au kiwanda tunaijua hali hiyo. Njia ikihama, mji hulala.

Mwaka 1975 akaletwa hapo kijana wa miaka 24 aliyeitwa Bernard Loiseau. Alikuwa mwajiriwa tu, amekabidhiwa jiko la nyumba iliyochakaa.

Kijana wa Chamalières

Bw. Loiseau alizaliwa Januari 1951 huko Chamalières, pembeni kabisa ya mji wa Clermont-Ferrand. Mji huo ndio makao ya kampuni ya Michelin, watengenezaji wa matairi. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanzisha, mwaka 1900, kitabu cha kuwaongoza wenye magari mahali pa kupata fundi, mafuta, chakula na malazi. Mwaka 1926 kitabu kikaanza kuwapa nyota wenye chakula kizuri, na katika miaka ya 1930 kikaweka madaraja matatu. Nyota moja maana yake ni meza nzuri ya aina yake. Nyota mbili, inafaa msafiri akunje kona kwenda kula hapo. Nyota tatu, inafaa mtu afunge safari kwa ajili ya chakula hicho peke yake. Wakaguzi wa kitabu hawajitambulishi. Wanakuja kama wateja wengine, wanakula, wanalipa na kuondoka. Mpishi hajui ni lini amepimwa.

Akiwa na umri wa miaka 17 Loiseau alikwenda kujifunza kazi kwa ndugu wawili wa ukoo wa Troisgros katika mji wa Roanne. Mwaka huo huo wa 1968 mabwana zake walipata nyota ya tatu. Inasimuliwa kwamba kijana yule, aliyekuwa bado akimenya mboga na kusugua masufuria, aliapa kwamba siku moja naye atazipata.

Alipofika Saulieu alifanya kazi bila kupumzika. Nyota ya kwanza ilikuja mwaka 1977, ya pili mwaka 1981. Mwaka 1982 aliinunua hoteli yenyewe. Nyota ya tatu ikaja mwaka 1991, akiwa na miaka 40.

Upishi wake ulikuwa wa kushangaza kwa Wafaransa waliozoea siagi na malai. Alisema kwa vitendo kwamba chakula kizuri kinaweza kutengenezwa kwa maji. Baada ya kukaanga nyama, ule utamu ulioganda kwenye kikaango aliubandua kwa maji matupu, ukawa mchuzi mwepesi wenye ladha ya kitu chenyewe. Chakula chake kilichovuma zaidi kilikuwa miguu ya vyura. Najua baadhi yenu hapo mmekunja uso! Aliichoma na kuiweka juu ya rojo la vitunguu saumu, kandokando akamwaga maji ya kijani yaliyokamuliwa katika majani. Vitunguu saumu hivyo vilichemshwa na kumwagwa maji mara nyingi mpaka ukali wote ukatoka, ukabaki utamu tu. Hapo mama yeyote anayejua jiko atatambua kazi iliyofanyika. Chakula kinachoonekana chepesi ndicho mara nyingi kimemgharimu mpishi asubuhi nzima.

Nyota tatu na uzito wake

Ufaransa nzima, nyumba zenye nyota tatu huwa takriban 30. Anayezipata huwa kama mchezaji wa timu ya taifa. Bw. Loiseau alionekana kwenye televisheni, aliandika vitabu, na mwaka 1995 akapewa nishani ya taifa ya Légion d'honneur. Alifungua migahawa mitatu Paris, yote akiipa majina ya shangazi: Shangazi Louise, Shangazi Marguerite na Shangazi Jeanne. Mwaka 1998 akaiingiza kampuni yake katika soko la hisa la Paris, jambo ambalo mpishi wa Ufaransa hakuwa amelifanya kabla yake.

Lakini nyota hazilipi deni. Ili hoteli ifanane na sifa yake alikopa fedha nyingi kwa ajili ya vyumba, bustani na jiko jipya. Deni lilihitaji wageni, wageni walihitaji nyota, na nyota zilihitaji kwamba kila sahani, kila siku, mchana na usiku, isiwe na kasoro. Baada ya Septemba 2001 wageni kutoka Marekani walipungua. Isitoshe, mtindo wa upishi ulianza kubadilika, na waandishi wengine wakaanza kusema kwamba chakula cha Saulieu kimekuwa cha jana.

Waliomjua walieleza baadaye kwamba alikuwa mtu wa furaha kubwa na huzuni kubwa. Leo yuko kileleni, anacheka na kupiga watu mabega. Kesho yuko bondeni na hakuna neno la kumtoa. Alifanya kazi siku nyingi bila likizo. Kila mteja aliyeondoka alimuuliza kama ameridhika, na hata aliyeridhika hakumtosha.

Mwaka 2003 kitabu kingine cha kupima wapishi, Gault & Millau, kilimshusha kutoka alama 19 hadi alama 17 kati ya 20. Gazeti moja kubwa la Paris lilikuwa limeandika kwamba huenda nyota yake ya tatu iko hatarini. Miaka kumi baadaye, mwaka 2013, ilifahamika pia kwamba Novemba 2002 alikuwa amekutana na wakuu wa Michelin, nao wakamweleza wasiwasi wao juu ya chakula chake. Hata hivyo, kitabu cha mwaka 2003 kilipotoka, nyota zake zote tatu zilikuwepo.

Jumatatu tarehe 24 Februari 2003, baada ya kazi ya mchana, Bernard Loiseau alijiua nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 52.

Wapishi wengi walikasirika. Walisema kalamu imemuua mwenzao. Mimi, kwa jinsi ninavyoijua kazi ya wagonjwa, siwezi kusema hivyo. Mtu hauawi na alama mbili zilizopunguzwa. Ugonjwa wa sonona, uchovu wa miaka mingi, deni na hofu hukusanyika kama maji nyuma ya ukuta, na jambo dogo la mwisho ndilo linaloonekana kwa macho ya watu. Lakini hebu tujiulize: ni mama gani angemchapa mtoto aliyerudi na alama 17 kati ya 20? Tungemchinjia kuku. Yule bwana alifika mahali ambapo 17 ilimaanisha kwamba yeye si kitu.

Aibu ya jikoni ni ya zamani katika nchi ile. Mwezi Aprili mwaka 1671, katika jumba la Chantilly kaskazini ya Paris, msimamizi wa karamu aliyeitwa Vatel alikuwa akimhudumia Mfalme Louis wa 14 kwa niaba ya mwana wa mfalme wa Condé. Ilikuwa siku ya kula samaki. Alfajiri aliona samaki walioletwa ni wachache sana, akadhani hakuna wengine wanaokuja. Hakuweza kuvumilia aibu hiyo, akajitoa uhai. Samaki wengine waliwasili baada ya muda mfupi. Habari hiyo tunaijua kwa barua za mama mmoja mashuhuri wa wakati ule, Madame de Sévigné. Karamu iliendelea. Watu walikula, wakawinda, wakacheza.

Mjane aliyebaki na funguo

Bw. Loiseau aliacha mke, Bi. Dominique, na watoto watatu, Bérangère, Bastien na Blanche. Mkubwa alikuwa bado mwanafunzi wa shule na mdogo alikuwa mtoto kabisa. Bi. Dominique alikuwa mwandishi wa habari za hoteli na chakula kabla hajaja kuishi Saulieu. Hakuwa mpishi.

Msomaji mpendwa, jiweke katika nafasi yake. Umepoteza mume kwa kifo ambacho watu hukisema kwa kunong'ona. Nyumba ina deni. Kampuni iko katika soko la hisa, kwa hiyo hata msiba wako unapimwa kwa bei. Wafanyakazi kadhaa wanakutazama wajue kama kesho watakuwa na kazi. Waandishi wa habari wako mlangoni. Na usiku watoto watatu wanauliza maswali ambayo hayana jibu la haraka.

Mazishi yalifanyika katika kanisa la mji, na wapishi walikuja kutoka pande zote za Ufaransa. Wengi walidhani nyumba itauzwa. Bi. Dominique hakuuza. Alichukua uongozi wa kampuni, na jiko akamwachia Patrick Bertron, mtu aliyekuwa amefanya kazi na marehemu mumewe tangu mwaka 1982. Zaidi ya miaka 20 Bw. Bertron alikuwa nyuma ya bwana wake bila jina lake kuandikwa popote. Sasa yeye ndiye alipaswa kupika miguu ya vyura ileile, kwa wageni waliokuja wakiwa na huzuni au udadisi.

Hoteli ikapewa jina la Bernard Loiseau. Nyota tatu zikabaki, mwaka baada ya mwaka.

Alichokiogopa kilipotokea

Mwezi Februari mwaka 2016, miaka 13 baada ya kifo kile, kitabu cha Michelin kilitoka na habari ambayo Bw. Loiseau aliiogopa kuliko kitu chochote. Nyumba ya Saulieu ilikuwa imeshushwa. Nyota ya tatu ilikuwa imeondolewa, zikabaki mbili.

Basi likawa nini? Bi. Dominique na Bw. Bertron walihuzunika, kama mtu yeyote angehuzunika. Kisha asubuhi mikate ikaokwa. Mboga zikamenywa. Wageni waliokuwa wameweka nafasi wakaja, wakala, wakalipa, wakasema asante. Wafanyakazi walipokea mishahara yao. Bw. Bertron aliendelea kuongoza jiko miaka kadhaa, mpaka alipolikabidhi kwa mpishi aliye mdogo kwake, Louis-Philippe Vigilant, aliyekuwa amefanya kazi katika mgahawa wa kampuni hiyohiyo mjini Dijon. Bérangère alikua akaingia katika uongozi wa kampuni pamoja na mama yake. Blanche, yule mdogo, akajifunza upishi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la Saulieu lilivunjika mbele ya macho ya nchi nzima, na uhunzi ukaendelea. Lile shimo ambalo baba yule aliliona halina mwisho, mkewe alilifikia na akakuta lina chini, na chini yake mtu anaweza kusimama.

Wapishi wengine wa Ufaransa wamejifunza kuzichukua nyota kwa mkono mwepesi. Mwaka 2005 mzee Alain Senderens wa Paris, aliyekuwa na nyota tatu kwa miaka mingi, alizirudisha mwenyewe ili apike chakula chepesi kwa bei ya chini. Mwaka 2017 Sébastien Bras wa Laguiole, naye mwenye nyota tatu, aliomba atolewe kitabuni, kwa sababu alitaka kupika bila kuwaza kila sahani kwamba labda hii ndiyo inayopimwa. Mwaka uliofuata alitolewa. Mwaka 2019 kitabu kikamrudisha kwa nyota mbili. Wote wawili waliendelea kupika, na wageni waliendelea kuja.

Na pale pale Saulieu yuko shahidi mwingine. Mjini kuna sanamu kubwa ya fahali. Aliyeitengeneza ni François Pompon, mwana wa mji huo, aliyezaliwa mwaka 1855. Sehemu kubwa ya maisha yake aliwachongea mawe wachongaji wengine wenye majina, akiwemo Rodin. Alijulikana mwaka 1922 kwa sanamu ya dubu mweupe, akiwa na miaka 67. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyempa nyota hata moja, naye alichonga tu.

Mawe ya kanisa

Hatua chache kutoka hotelini liko kanisa la Mtakatifu Andoche, lililojengwa katika karne ya 12. Ukiingia kutoka juani unahitaji kusimama kidogo mpaka macho yazoee kivuli. Kisha inua uso uangalie vichwa vya nguzo. Mafundi wa zamani wamechonga habari za Biblia kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Yuko Balaamu na punda wake. Wako Mariamu na mtoto wakikimbilia Misri. Yuko Yesu akijaribiwa jangwani. Yuko Yuda akijinyonga. Na yuko Bwana mfufuka akimtokea Maria Magdalena bustanini.

Simfananishi mpishi yule na Yuda. Yeye hakumsaliti mtu. Alikuwa mgonjwa, na Mungu pekee ndiye anayejua vilindi vya mgonjwa. Lakini mbele ya nguzo ile nilifikiri juu ya watu wawili walioaibika usiku uleule. Yuda alimuuza Bwana wake. Petro alimkana mara tatu, mbele ya mjakazi, baada ya kujigamba kwamba hatamwacha kamwe. Wote wawili walijuta. Yuda alikwenda peke yake. Petro alilia machozi ya uchungu, lakini akarudi kwa wenzake, na hata alipokosa la kufanya aliwaambia kwamba anakwenda kuvua samaki, nao wakafuatana naye.

Tunajua kilichofuata. Asubuhi, ufukweni, Bwana mwenyewe alikuwa amewasha makaa, ameweka samaki na mkate, akawaita waje wafungue kinywa. Petro alirudishiwa kazi yake baada ya kulishwa. Hakuulizwa kwa nini alianguka. Aliulizwa kama anapenda. Pale Chantilly mtu alikufa kwa sababu samaki walichelewa. Pale Galilaya mtu aliyeanguka alipewa samaki na Yule aliyekosewa. Mimi naona hiyo ndiyo tofauti kati ya meza ya dunia na meza ya Bwana.

Kwa akina mama wenzangu

Waume zetu si wapishi wa nyota tatu. Lakini kila mwanamume ana nyota zake. Mmoja ni cheo kazini, mwingine ni duka, mwingine ni gari la biashara, mwingine ni kuitwa mzee wa kanisa. Siku kazi inapokwisha, au mkopo unapomshinda, au jina lake linaposomwa kwa ubaya, anaweza kukaa nyumbani kimya na sisi tukadhani ni hasira tu. Watoto wetu nao wana nyota zao, na mara nyingi ni sisi tuliowabandika. Aliyekuwa wa kwanza darasani akirudi akiwa wa tano, na uso wa mama ukabadilika, anajifunza somo lile ambalo Bw. Loiseau alijifunza vizuri kupita kiasi.

Kwa hiyo, kama muuguzi, naomba niseme machache.

Kwanza, jua dalili. Mtu asiyelala, au anayeamka alfajiri na kukaa gizani, aliyeacha chakula na mambo aliyoyapenda, anayezidisha pombe, anayesema yeye ni mzigo na ninyi mtakuwa heri bila yeye, anayeanza kugawa vitu vyake au kuaga watu. Utulivu wa ghafla baada ya huzuni nzito pia usikufanye uondoke haraka.

Pili, muulize waziwazi. Mwambie: Baba fulani, je, unafikiria kujiua? Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi. Linamfungulia mlango wa kusema alichokuwa amekifungia.

Tatu, akikubali, usimwache peke yake. Ondoa nyumbani vitu vya hatari, hasa dawa za shamba na vidonge vilivyosalia. Mwite ndugu mnayemwamini. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kama ambavyo ungempeleka mwenye malaria kali. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Mchungaji na daktari hawashindani. Mgonjwa anahitaji maombi na dawa pamoja.

Nne, chunga ulimi. Maneno kama "wanaume wenzako wanaweza" hayajamponya mtu bado. Mambo ya deni yazungumzwe mezani, kwa karatasi na kalamu, mkiwa wawili, kabla hayajawa siri ya mtu mmoja.

Tano, kama ni wewe mama ndiye unayebeba mzigo huo, usione haya kusema. Wewe pia ni mtu. Mwambie mama mmoja wa kikundi, mwambie muuguzi wa zahanati, leo.

Na kama jambo hilo limekwisha kutokea katika nyumba fulani mtaani kwenu, mtembeleeni mjane yule kama mnavyowatembelea wajane wengine. Msinong'one. Pelekeni unga, pelekeni kuni, kaeni naye. Watoto wake wasisikie jina la baba yao likitajwa kwa aibu.

Mpishi mkubwa wa Saulieu alilisha maelfu, akamuuliza kila mmoja kama chakula kilikuwa kizuri. Jioni ya leo, mwenye nyumba wako anaporudi, na mtoto anapoleta karatasi yake ya mtihani, wape chakula kwanza. Wakishashiba ndipo uulize siku ilikuwaje, na jibu lolote watakalotoa, wajue kwamba sahani yao ya kesho ipo.